Asidi Kali, Asidi Dhaifu: Uhakiki wa Lugha ya Kufundishia Kemia kwa Walimu Tarajali, Mifano kutoka Morogoro

Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumika, na mahali kinapoishia, katika ufundishaji wa kemia vyuoni. Mwandishi wake si mwanakemia. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Kiswahili ambaye kwa miaka kadhaa alifundisha stadi za mawasiliano kwa walimu tarajali mjini Morogoro, na ambaye, kwa uhaba wa madarasa, alipangiwa chumba kilichopakana na maabara ya kemia. Mlango wa kati ulikuwa umeharibika kitasa na haukufungika. Niliyoyasikia kupitia mlango huo, na baadaye niliyoyaona nilipoomba ruhusa ya kuingia na kukaa kiti cha nyuma, ndiyo yaliyozaa uhakiki huu. Nitatumia nafsi ya kwanza umoja. Najua wasimamizi wengi huipiga mstari mwekundu, lakini ushahidi wa mtu aliyesikia kwa masikio yake haupendezi unaposemwa na "mtafiti". Chuo chenyewe sitakitaja, wala wakufunzi wake, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zao peke yao.

Morogoro ni mahali panapostahili kuchunguzwa kwa jambo hili. Chini ya milima ya Uluguru kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanza kama chuo cha kilimo mwaka 1965 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Huko Mazimbu, katika majengo ambayo kuanzia mwaka 1978 yalikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini na yakakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, leo wanaandaliwa walimu wa kemia na biolojia. Vipo pia vyuo vya ualimu vinavyotoa stashahada. Mji huu basi, pamoja na umaarufu wake wa ndizi na mboga zinazoshushwa kutoka mlimani, ni mji unaozalisha walimu wa sayansi. Anachokosa kukielewa mwalimu tarajali hapa, atakwenda kutokukieleza vizuri Ulanga, Kilosa, Tunduru na kwingineko.

Hoja yangu ni hii. Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini, tangu Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985, pendekezo ambalo Serikali haikulitekeleza, hadi Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliyokipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote bila kukiondoa Kiingereza, umekuwa mjadala wa kuchagua lugha ipi. Nayo taaluma yetu ya istilahi imekuwa, kwa sehemu kubwa, taaluma ya kutafuta majina. Katika maabara niliyoisikiliza, majina hayakuwa tatizo kubwa. Kilichokosekana ni sentensi.

Swali lililoulizwa mezani

Nianze na tukio lenyewe. Siku hiyo somo lilikuwa uchanganuzi wa ujazo. Meza zilikuwa sita, kila meza na bureti moja, na wanafunzi wamezizunguka kama watu wanaogombania kivuli. Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, sentimita za ujazo 25 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita zipimwe dhidi ya hidroksidi ya sodiamu yenye nguvu hiyo hiyo ya moli 0.1. Pili, wafanye vilevile kwa asidi ya siki, kwa kiasi kile kile na moli zile zile. Kielekezi kilikuwa fenolftalini, ambayo haina rangi ndani ya asidi na hugeuka waridi besi inapozidi.

Kwa masikio ya mtu wa lugha, dakika arobaini zile zilikuwa karamu. Mkufunzi alianza kwa Kiingereza, akasoma hatua zilizoandikwa ubaoni, kisha alipogeuka kuelekea mezani akawa mtu mwingine: "Dondosha taratibu. Tikisa, usikoroge. Ukiona waridi inakuja halafu inakimbia, bado. Ikija ikatulia, funga." Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya kikomo cha upimaji. Waridi inayokuja na kukimbia ni besi iliyozidi pale inapoangukia kabla haijachanganyika, kisha ikaliwa inapochanganyika. Waridi inayotulia ni asidi iliyokwisha. Kila mwanafunzi alielewa la kufanya.

Matokeo yakaja: bureti zilisoma takriban 25 katika sehemu ya kwanza, na takriban 25 katika sehemu ya pili. Hapo mwanafunzi mmoja wa kike akainua mkono. "Samahani mwalimu. Umetufundisha hidrokloriki ni asidi kali, siki ni asidi dhaifu. Mbona dhaifu imekula besi sawasawa na kali?"

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Ni swali lenyewe la somo. Mkufunzi alinyamaza kidogo, akatazama saa, akamjibu kwa upole wa mzee kwa mtoto: "Mwanangu, moli ni zile zile. Andika kilichoko ubaoni." Ubaoni palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba asidi dhaifu hutengana kwa sehemu tu katika maji. Wote wakainakili. Sentensi ni sahihi, ila haikumjibu. Kwa kweli ilizidisha utata: ikiwa imetengana kwa sehemu tu, basi ingepaswa kula besi kidogo!

Ninakiri kwamba hata mimi nilikwenda nyumbani na swali lile, na nilihitaji jirani anayefundisha kemia kunifungua macho. Asidi dhaifu haitoi hidrojeni zake zote kwa hiari, lakini kila besi inapozichukua chache zilizoachiwa, nyingine huachiwa kuziba pengo, mpaka zote ziishe. Udhaifu ni wa kuachia, wala hauhusu idadi. Jambo hili linasemeka kwa Kiswahili kwa sentensi mbili. Hakuna aliyelisema.

Pembe tatu, na moja isiyo na lugha

Mwanakemia wa Glasgow, Alex Johnstone, alieleza miaka mingi iliyopita kwamba kemia ni ngumu kwa kuwa anayejifunza hutakiwa kusimama mahali patatu kwa mara moja. Pa kwanza ni pale panapoonekana na kushikika: rangi, mvuke, joto, mashapo. Pa pili ni pale pasipoonekana: atomi, ioni, molekuli na mienendo yake. Pa tatu ni pa alama: fomula, milinganyo na hesabu. Mwalimu mzoefu huruka kutoka pembe moja kwenda nyingine ndani ya sentensi moja bila kujijua, na mwanafunzi hubaki akitafuta amesimama wapi.

Mchoro huu unajulikana kwa wakufunzi wa sayansi duniani kote, na sina la kuuongezea upande wa kemia. Upande wa lugha ninalo. Nilipoanza kuandika kwenye daftari kila kilichosemwa na lugha iliyotumika, mgawanyo ulijitokeza wenyewe. Pembe ya vinavyoonekana ilikuwa ya Kiswahili: dondosha, chuja, imechacha, inatoa povu, imeganda, imekubali. Pembe ya alama ilikuwa ya Kiingereza, au tuseme ya Kiingereza cha kusomea fomula. Pembe ya visivyoonekana, ambamo maelezo yote ya "kwa nini" hukaa, haikuwa na lugha. Ilikuwa na sentensi za ubaoni zilizonakiliwa na kukaririwa, basi.

Tafiti zilizotangulia zimeonyesha kwa upana kwamba wanafunzi wa Tanzania hujieleza zaidi na kufikiri kwa uhuru zaidi wanapofundishwa sayansi kwa Kiswahili. Kazi ya Halima Mwinsheikhe kuhusu somo la biolojia, pamoja na mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, zimekwisha kulijenga jambo hilo. Sizipingi. Ninachokiona ni kwamba zinalinganisha lugha mbili kana kwamba kila moja iko tayari mahali pote. Maabara niliyoisikiliza inaonyesha vingine. Kiswahili kilikuwepo, kingi na kitamu, lakini kilifungiwa kwenye mikono na macho. Hakikuwahi kualikwa ndani ya chupa.

Maneno yanayobeba mizigo miwili

Mtu anaweza kusema: kiachieni Kiswahili kiingie humo, mambo yatanyooka. Hapana. Kiswahili cha kila siku nacho huingia maabara na mizigo yake, na asiyeifungua atapotosha kwa lugha inayoeleweka.

Chukua neno "kali". Pilipili ni kali, mbwa ni mkali, jua ni kali, dawa ni kali, mwalimu ni mkali. Katika kemia ya Kiswahili tunachoita asidi kali ni ile inayoachia hidrojeni zake zote majini. Lakini mfanyakazi wa maabara anapomwonya mwanafunzi asisogeze uso, "hiyo ni kali", anamaanisha asidi nzito isiyozimuliwa. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo. Sisi tuna moja, nalo linavuta akili upande wa ukali wa ulimi na ngozi. Matokeo yake ni fumbo la hatari. Asidi ya siki, "dhaifu", yenye moli 1 kwa lita ina pH karibu 2.4. Asidi ya hidrokloriki, "kali", ikizimuliwa mpaka moli 0.001 kwa lita ina pH 3. Kwa hiyo chupa ya asidi dhaifu ni chungu kuliko chupa ya asidi kali. Mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kutofautisha ukali wa tabia na wingi wa kilichomo ataiona kemia kuwa elimu ya vitendawili.

Chukua tena "kuyeyuka". Barafu inayeyuka juani, mshumaa unayeyuka, na sukari inayeyuka kwenye chai. Ndivyo sote tunavyosema, kuanzia mgahawani hadi mezani kwa profesa. Neno "kumumunyuka" lipo, na shule za msingi hulifundisha, lakini linabaki kwenye daftari la sayansi la darasa la tano. Nilimwomba mkufunzi mmoja awaambie wanafunzi wachore sukari ndani ya chai. Wengi walichora vitone vya majimaji mazito yanayoelea, yaani sukari iliyogeuka kimiminika. Lugha yao iliwaambia kwamba kinachotokea kwa sukari ndicho kinachotokea kwa barafu, na wakaiamini, kama mtu anavyoiamini lugha yake.

Kuhusu "joto" sitasema sana: istilahi "jotoridi" imekuwepo siku nyingi, haijatoka nje ya vitabu, na kila mmoja wetu amewahi kusema joto la mgonjwa limepanda. "Hewa" nayo inasimama badala ya gesi yoyote, kiasi kwamba hewa ukaa inaonekana kama hewa iliyochafuka. Hayo yanarekebishika kwa uangalifu mdogo.

La moli ni zito zaidi. Niliwahi kusikia moli ikielezwa hivi: "Moli ni kama debe. Wewe ukiambiwa debe unajua ni kiasi gani." Mfano ulipokelewa kwa vichwa vya kukubali, nao umekosea mahali pabaya kabisa. Debe la mahindi na debe la maharage hulingana ujazo. Punje zake hazilingani idadi. Moli ni kinyume chake: idadi ya chembe ni moja, 6.022 × 10²³, iwe chuma au maji, ila uzito na ujazo hutofautiana. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni "korja". Korja ya kanga na korja ya vikoi ni ishirini kwa ishirini. Mizigo yake begani si sawa. Mfanyabiashara yeyote wa nguo analijua hilo bila kusoma kemia. Mkufunzi aliyechagua debe hakuchagua vibaya kwa kukosa akili. Alichagua peke yake, papo hapo, mbele ya darasa, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa mifano ya namna hiyo ikahakikiwa.

Choya, magadi na kiinimacho

Haifai kuzungumzia kemia ya vyuoni bila kutaja uhaba. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijaza nchi shule za kata, na maabara zikaja nyuma sana. Agizo la kila shule ya kata kuwa na maabara tatu lilikimbizwa nchi nzima mwaka 2014, michango ikikusanywa nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi palikuwepo mtihani wa karatasi uliosimama badala ya vitendo. Kwa hiyo walimu tarajali wengi niliowaona waliishika bureti kwa mara ya kwanza chuoni. Mikono iliyotetemeka ilikuwa ya watu wazima wa miaka ishirini na mitatu.

Jibu linalosifiwa kwa uhaba huu ni vifaa mbadala. Morogoro ni tajiri kwa hilo. Sokoni kuna choya kavu, ambayo maji yake mekundu hugeuka kijani kwenye besi. Kuna manjano, yanayogeuka mekundu yakiguswa na sabuni. Majivu ya maganda ya ndizi, ambazo mlima unazishusha kila siku, hutoa maji ya besi yenye potashi. Nimeona somo moja zuri mno la choya, na nimeona mawili yaliyokuwa kiinimacho. Katika hayo mawili, mkufunzi alimimina, rangi ikabadilika, darasa likapiga makofi, kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza rangi imebadilika kwa sababu gani, wala kwa nini choya, ambayo hugeuka polepole kupitia rangi kadhaa, haifai kuonyesha kikomo cha upimaji kama ifanyavyo fenolftalini. Choya bila maneno ni pembe ya kwanza ya Johnstone iliyorembwa.

Lililo zuri lilifanyika hivi. Mkufunzi, mama mmoja wa makamo ambaye wanafunzi humwita Madamu na yeye huwaita "walimu wangu", alileta magadi katika mfuko wa nailoni, yale ya kupikia maharage na makande. Akawaambia: chumvi mnayoipima kila wiki kutoka kwenye chupa yenye nembo, kaboneti ya sodiamu, ndiyo hii kwa sehemu kubwa, tofauti ni kwamba hii imechanganyika na ndugu yake, bikaboneti, pamoja na maji na uchafu. Pimeni, mniambie katika kila gramu ya magadi haya mna uwezo gani wa kula asidi. Darasa lilibadilika sura. Watu wazima ambao mama zao wametia magadi kwenye maharage maisha yao yote walikuwa wakibishana juu ya usafi wa sampuli. Mmoja alisema, "Kumbe ndiyo maana mama hutia kidogo."

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuandika somo lile mahali popote, alicheka. "Niliandike kwa lugha gani, mwalimu? Kwa Kiingereza halitakuwa lile. Kwa Kiswahili nani atalipokea?"

Upande wa mkufunzi

Ni rahisi kwa mtu wa Kiswahili kuwalaumu wakufunzi wa kemia kwa kuchanganya lugha. Nimefanya hivyo mwenyewe katika pendekezo langu la kwanza la utafiti, ambalo nafurahi lilikataliwa. Aliye mbele ya meza sita ana mtihani unaomsubiri, na mtihani ni wa Kiingereza. Mwanafunzi anayefahamu asidi dhaifu kwa Kiswahili na kushindwa kuiandika kwa Kiingereza atapata sifuri ile ile anayopata asiyefahamu kabisa. "Nikiwafundisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho nitakuwa nimewachimbia kaburi," aliniambia mkufunzi wa siku ya siki, na sikuwa na jibu. Isitoshe, vitabu vyote vilivyoko katika rafu yake ni vya Kiingereza.

Lakini utetezi huo una shimo. Mwanafunzi aliyeuliza swali la siki aliandika sentensi ya ubaoni kwa Kiingereza safi, na katika mtihani angepata alama zake. Kisha angekwenda kufundisha kidato cha tatu, mtoto amuulize swali lile lile, naye angeandika sentensi ile ile ubaoni. Mtihani umeridhika, swali limerithishwa. Kosa hapa si la Kiingereza. Hata mwanafunzi wa Uingereza hukariri sentensi hiyo bila kuielewa. Tofauti ni kwamba yule ana lugha ya kubishana nayo baada ya kipindi, na vitabu vya kumsaidia katika lugha hiyo hiyo. Wetu ana lugha ya kubishana, ila mabishano yake hayana daftari.

Upande wetu

Na sasa niseme juu ya nyumba yangu mwenyewe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Ni kazi ya heshima. Waliosema wakati ule kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi walijibiwa. Tangu hapo idara zetu zimezalisha tasnifu nyingi juu ya uundaji wa istilahi: vigezo, mbinu, utohozi, uambishaji, kukubalika. Nimezisoma, na yangu itaongezeka kwenye rafu hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba kamusi ya istilahi, kwa asili yake, huleta zaidi nomino. Huleta "asidi", "ioni", "kichocheo". Haiwezi kumwambia mkufunzi ioni hufanya nini kwa kitenzi gani.

Na vitenzi ndiyo mali yetu. Lugha inayotofautisha kuvunjika na kuvunjwa, kuungana na kuunganishwa, kuacha, kuachia, kuachana na kuachanishwa, imebeba ndani ya viambishi vyake maswali yale yale ambayo kemia huuliza: jambo limetokea lenyewe au limetendwa, limetendwa na nani, na pande zote mbili zimehusika? Katika mwaka 1923 Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza asidi itazamwe kama kitoa protoni na besi kama kipokezi. Ukilieleza hilo kwa Kiswahili, mnyambuliko unakulazimisha kuamua. Je, asidi imeitoa protoni, imeiachia, au imenyang'anywa? Kila kitenzi ni nadharia ndogo, na kinaweza kuwa kweli au uongo. Sijaona tasnifu ya Kiswahili iliyokaa na wanakemia kuamua.

Wanafunzi, hata hivyo, hawajatusubiri. Katika kipindi kimoja juu ya msawazo wa kikemia, mkufunzi alihangaika kueleza kwamba mmenyuko unapofika msawazo haukomi, bali unaendelea pande zote mbili kwa kasi moja. Neno "msawazo" lenyewe lilikuwa likimwangusha, maana wanafunzi walisikia "sawa", wakadhani pande mbili zina viasi sawa na kila kitu kimetulia. Kijana mmoja kutoka nyuma akasema: "Kwa hiyo humo ndani kuna wanaoachana na wanaorudiana kila dakika, ila ukihesabu wanandoa idadi ni ile ile." Darasa lilianguka kwa kicheko. Mkufunzi naye alicheka, akapangusa macho, akaendelea na ubao. Sentensi ile ilikuwa bora kuliko ya kitabuni kwa namna moja na mbovu kwa namna nyingine, kwa sababu wanaorudiana hurudi kwa mwenzi yule yule, ilhali ioni hushika yeyote aliye karibu. Ilistahili kuandikwa, kusifiwa na kusahihishwa. Ilitoweka na kicheko.

Ndipo nilipomwendea mkufunzi wa siku ya siki na ombi dogo. Ripoti za maabara ziendelee kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, lakini kurasa za mwisho za daftari ziachwe wazi, na kila baada ya zoezi mwanafunzi aandike humo kwa Kiswahili, kwa mistari isiyozidi mitano, kile anachodhani kimetokea mahali asipopaona. Alikubali kwa sharti kwamba nisahihishe lugha na yeye asahihishe kemia, na kwamba tusahihishe tukiwa tumeketi meza moja. Sharti la pili ndilo lililotutesa, na ndilo nililonufaika nalo. Mara tatu nilisahihisha sentensi ikawa nzuri kwa sarufi na uongo kwa kemia, akanirudisha.

Yule binti wa swali la siki aliandika hivi katika ukurasa wake: "Siki ina hidrojeni nyingi sawa na hidrokloriki ila ni bahili. Inaachia chache. Besi ikija inazichukua hizo, siki inaona pengo inaachia nyingine, mpaka inafilisika. Kwa hiyo zote mbili zinaishia kula besi sawa." Mwenzangu alipiga mstari chini ya "inaona", akasema siki haioni. Mimi nilipendekeza "inalazimika kuachia". Akasema hakuna anayeilazimisha. Tukabaki na "inaachishwa", kisha akauliza: inaachishwa na nani, besi au maji? Muda wa kipindi ulikwisha tukiwa bado tumeinamia daftari lile, na mwenye daftari amesimama pembeni akisubiri tuamue, kisha akasema, "Samahani walimu, mimi nadhani ni maji kwanza, halafu besi."

Mwenzangu akamsogezea kiti.